Kuachiwa huru ni jambo moja, kulipwa ni jingine

Alikuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Tulikuwa tumekaa kwenye mgahawa wa chai pale Miyomboni, Iringa mjini, na kabla chapati haijafika mezani alikuwa ameshaifungua na kuinyoosha kwa kiganja. Juu aliandika kwa penseli: siku 2,317 mara shilingi 20,000. Akapiga mistari miwili, kisha jumla: shilingi 46,340,000.

"Hiyo elfu ishirini ndiyo nilikuwa naingiza kwa siku kwenye mbao, Mafinga," akasema. "Jumapili sijazitoa, maana gerezani na Jumapili nazo nimezilala. Sasa mwanangu, hela hii nadai kwa nani?"

Alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yake ya kwanza. Mahakama ya Rufani, ilipokuja kukaa Iringa kwenye vikao vyake, ikamwachia huru. Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, sivai joho, lakini swali lake naulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niliandike lote mahali pamoja. Watu wengi, hata wasomi, wanaamini kuna dirisha fulani serikalini ambapo mtu aliyefungwa bila hatia hupeleka hukumu yake na kuondoka na hundi. Dirisha hilo Tanzania halipo. Kuna milango, mingine imebana sana, na kila mmoja una ufunguo wake.

Nilimjibu kwa swali, naye hakulifurahia. "Mzee, nani alikukosea?"

"Serikali."

"Serikali ni watu wengi. Tuwahesabu."

Kabla ya kuwahesabu ilibidi tuielewe hukumu iliyomtoa. Duka lilivunjwa usiku, mwenye duka akasema alimtambua kwa mwanga wa tochi. Kuhusu utambuzi wa usiku, majaji wa Tanzania wana kipimo ambacho mawakili hukiita kwa jina la kesi ya mwaka 1980, Waziri Amani: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, alikuwa akimfahamu kabla? Uwezekano wote wa kukosea uondolewe kwanza. Katika kesi ya mzee wangu tochi ilikuwa mkononi mwa mwizi, ikimmulika shahidi machoni. Aliyemulikwa ndiye aliyedai kuona. Mahakama mbili za chini hazikuliona hilo, ya tatu ikaliona.

Mahakama ya Rufani haikusema "huyu hakuwepo". Ilisema upande wa mashtaka haukuthibitisha bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwa sheria hiyo inatosha kabisa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa anayo hatia, na kwa huyu haikuthibitika. Hana deni na mtu. Lakini kwenye fidia swali linageuka. Kesi ya jinai inauliza kama Jamhuri imethibitisha kosa lako. Kesi ya fidia inauliza kama wewe unaweza kuthibitisha kosa la mwingine. Mzigo ulioutua kizimbani unaupandisha tena begani, safari hii wewe ndiye mdai.

Tukaanza na mwenye duka. Madai dhidi ya mtu aliyekusababishia kesi ya jinai huitwa mashtaka ya hila, na masharti yake matano yaliwekwa wazi katika hukumu ya mwaka 1983 inayonukuliwa mpaka leo: kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba hakuwa na sababu ya msingi, kwamba alisukumwa na hila, kwamba kesi iliisha kwa faida yako, na kwamba ulipata madhara. Yote matano kwa pamoja. Likikosekana moja, umeanguka. Mzee wangu alikuwa na la nne na la tano mkononi. La kwanza lina ubishi, kwa sababu mtu anayeripoti tu polisi na kuwaachia wapeleleze na kuamua wenyewe kwa kawaida hahesabiwi kuwa ndiye aliyeshtaki. La tatu ndilo linaloua kesi nyingi. Mwenye duka aliibiwa kweli. Alikosea sura, na aliamini alichokisema.

"Kwa hiyo akikosea kwa roho safi mimi nioze?"

Sikuwa na jibu zuri. Jibu la sheria ni kwamba tukianza kumlipisha kila aliyeripoti wizi na mshtakiwa akaachiwa, hakuna atakayeripoti wizi. Naielewa hoja hiyo. Nilipoitamka mbele ya mtu aliyelala gerezani siku 2,317, ilinitoka mdomoni kama mchanga.

Madai ya mashtaka ya hila hushinda pale ambapo kesi ya jinai ilitumika kama jembe la kumng'olea jirani. Tuseme watu wawili Mbarali wanagombea kipande cha shamba la mpunga. Mmoja anajua kabisa mwenzake yuko kwenye mavuno Kyela wiki nzima, lakini anaenda kituoni kusema amemwibia ng'ombe, na mbele ya mwenyekiti wa kijiji alishatamka kwamba "nitamtoa hapa kwa njia yoyote". Hapo hila ina mashahidi, sababu ya msingi haipo, na madai yanafunguliwa mahakama ya wilaya bila kumgusa ofisa yeyote wa Serikali. Na kama hakimu, anapoifuta kesi yenyewe ya jinai, anaona shtaka lilikuwa la kipuuzi au la usumbufu, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu kumwamuru mlalamikaji amlipe mshtakiwa kiasi cha maana kwa usumbufu na gharama, papo hapo. Amri hiyo huombwa mara chache mno, kwa sababu mtu aliyefutiwa kesi huwaza kutoka nje tu.

Wa pili walikuwa polisi. Hapa kuna madai ya aina nyingine, kufungiwa isivyo halali, na haya yana nafuu moja kubwa: huhitaji kuthibitisha hila. Ukionyesha kwamba ulinyimwa uhuru wako, ni juu ya aliyekunyima kuonyesha sheria ilimruhusu. Ofisa anaweza kuwa na roho ya malaika na bado akawa amekushikilia kinyume cha sheria.

Kwa hiyo saa zina maana kuliko watu wanavyodhani. Muda wa msingi wa polisi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa nne, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu, si kwa mazoea. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mshukiwa huandikwa na polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda huo yameondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama mara nyingi sana. Kisha kuna zile saa 24 maarufu. Mtaani zinasemwa kama ukuta: saa 24 zikipita lazima ufikishwe mahakamani. Sheria yenyewe ina mlango wa nyuma. Kama haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana isipokuwa kosa linaonekana kuwa kubwa, na anayebaki ndani afikishwe mapema iwezekanavyo. Haya maneno mawili, "kubwa" na "iwezekanavyo", yamelaza watu wengi sakafuni. (Sitaji namba za vifungu kwa makusudi: toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika Julai 2025 limebadilisha namba, na nimeona watu wakibishana kwa kutumia nakala mbili tofauti.)

Wako pia wakuu wa mikoa na wilaya, wenye uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Uwezo huo umewekwa kwa ajili ya anayehatarisha amani, na si wa kumtia adabu mwalimu aliyechelewa au diwani aliyebisha kikaoni. Anayewekwa ndani kwa amri ya namna hiyo bila sababu inayokubalika kisheria ana madai mazuri kuliko mzee wangu, ingawa yeye kalala usiku mbili na mwenzake miaka sita. Mtu akiliona hilo kuwa ni kinyume mbele, simlaumu. Madai haya yanapima uhalali wa mlango uliofungwa. Urefu wa muda unaingia baadaye, kwenye kiasi.

Basi nikamuuliza alishikiliwa kituoni siku ngapi kabla ya kupandishwa kizimbani. "Siku kumi na moja." Nikasimamisha kikombe. Siku 11 ni madai. Nani anajua? Kitabu cha mahabusu cha kituo kinajua, mkewe aliyekuwa akipeleka chakula anajua, hati ya mashtaka yenye tarehe inajua. Kisha nikakumbuka kalenda, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa magumu.

Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya kawaida ya madhara. Lakini kwa fidia ya jambo lililotendwa na mtu anayedai alikuwa akitekeleza sheria iliyoandikwa, inatoa mwaka mmoja tu. Mwaka wa zile siku 11 ulianza kukimbia zilipoisha. Uliisha yeye akiwa ndani, akikata kuni za gereza. Sheria inamsimamishia saa mtoto na mwenye ugonjwa wa akili, mfungwa haimsimamishii. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, lakini si zaidi ya nusu ya ule uliowekwa, yaani kwa mwaka mmoja ni miezi sita. Kwa aliyetoka baada ya miaka sita hiyo ni sawa na kumrushia kamba fupi mtu aliye kisimani. Kwa mashtaka ya hila saa inaanza pale kesi inapoisha kwa faida yako, na hapo nako mtu mwangalifu anahesabu mwaka mmoja, asingoje kubishana kama ni mitatu.

Na si mwaka kamili. Kabla ya kuishtaki Serikali unapaswa kutoa notisi ya siku 90 kwa idara husika, yenye msingi wa madai yako, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu. Anayekosea hapo hutolewa kwa pingamizi la awali kabla hajasema lolote kuhusu gereza. Nimeshuhudia madai yenye machungu ya kweli yakifa kwa dakika ishirini kwa sababu barua ya notisi ilipelekwa kituo cha polisi, ikapigwa mhuri, ikaishia droo ya kaunta.

Ukishinda, huwezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate gari la Serikali. Mali ya Serikali haikamatwi. Unapewa hati, unaipeleka hazina, unangoja foleni.

Kuhusu mwendesha mashtaka nitakuwa mfupi. Tangu sheria ya huduma za mashtaka ya mwaka 2008, kushtaki kumetenganishwa na kupeleleza, na kumthibitishia Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, hila ni sawa na kupanda Rungwe kwa kandambili. Linalofaa kujulikana ni mabadiliko ya mwaka 2022, yanayotaka kesi nyingi za mahakama za chini zisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika. Wimbo wa "upelelezi bado, mheshimiwa" ulikuwa umekula miaka ya watu. Makosa mazito yameachwa nje ya kinga hiyo, na mengi kati yake, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, hayana dhamana. Kwa hiyo wimbo haujazimwa. Umepunguzwa sauti.

Wa mwisho alikuwa hakimu. "Yeye ndiye aliyeniambia miaka thelathini," mzee akasema. "Sura yake naikumbuka mpaka kovu la shavuni."

Hapa mlango umefungwa kwa makufuli mawili. Hakimu na jaji hawashtakiwi kwa walichokiamua kwa nia njema wakiwa kwenye kiti, na sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inaikinga Serikali pia kwa yale yanayofanywa na mtu akitekeleza majukumu ya kimahakama. Sababu yake inaeleweka: hakimu anayeogopa kudaiwa kila hukumu yake inapotenguliwa ataamua kwa woga. Lakini angalia matokeo yake kwenye hesabu ya penseli. Tangu siku hakimu alipoamuru arudishwe mahabusu, kila siku inayofuata ni siku ya mahakama. Kati ya siku 2,317, zilizobaki mikononi mwa mtu anayeweza kudaiwa ni 11. Na hizo 11 zimepitwa na muda.

Alizungushia namba 2,317 duara, akakaa kimya. Mhudumu akaja kuongeza chai.

Nchi nyingine hazifanyi hivi zote. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika ibara ya 14(6) kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa uamuzi wa mwisho, kisha jambo jipya likaonyesha bila ubishi kwamba haki ilipotoshwa, alipwe fidia kwa mujibu wa sheria. Maneno hayo yana mtego: yanamhusu aliyesafishwa na jambo jipya baada ya mlango wa rufaa kufungwa. Mzee wangu aliachiwa kwenye rufaa ya kawaida, kwa ushahidi uleule wa tochi. Ibara ya 9(5) ni pana zaidi, inampa kila aliyekamatwa au kushikiliwa kinyume cha sheria haki ya fidia. Lakini mkataba ukisainiwa hauwi sheria ya kudaia hapa kwetu mpaka Bunge litunge, na sheria mahsusi ya fidia ya kifungo kisicho cha haki Bunge letu halijatunga. Hata Katiba yenyewe, ibara ya 107A(2)(c), inaiongoza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, kisha inaongeza "kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge".

Ujerumani wamefanya rahisi: tangu 2020 ni yuro 75 kwa kila siku ya kifungo, mbali na hasara ya mali. Kwa siku 2,317 hiyo ni yuro 173,775, na hakuna anayekuuliza hakimu alikuwa na nia gani. Uingereza nao wana mfuko, lakini tangu 2014 wanadai jambo jipya lithibitishe bila shaka kwamba hukutenda kosa, kizingiti ambacho wachache wanakivuka. Mpaka mwaka 2023 waliweza pia kukata gharama ya chakula na malazi ya gerezani kutoka kwenye fidia. Nilipomwambia hilo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. "Yaani wangenikata hela ya ule ugali?"

Kuna mlango ambao ungemfaa, nao ulifungwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja. Wafungwa wakaandika, wengi wakiwa gerezani, na Tanzania ikawa nchi iliyoshtakiwa kuliko zote. Mashauri mengi yalikuwa na malalamiko yaleyale: mtu anakabiliwa na miaka 30 halafu hana wakili. Kwenye kesi za mauaji zinazosikilizwa Mahakama Kuu Serikali humpa mshtakiwa wakili. Unyang'anyi wa kutumia silaha huanzia mahakama za chini, na huko wengi wamejitetea wenyewe, kama mzee wangu alivyojitetea. Mahakama ya Arusha ilisema zaidi ya mara moja kwamba hilo linavunja haki ya kujitetea, na katika mashauri kadhaa ya mwaka 2018 ikaamuru mlalamikaji alipwe shilingi 300,000. Kwa hesabu ya mbao za Mafinga hizo ni siku 15. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Tanzania ikaliondoa tamko, na kuanzia Novemba 2020 mtu binafsi hana njia ya kufungua shauri jipya huko.

Kesi inayokumbukwa na wengi ni ya wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004, wakaachiwa kwa msamaha wa Rais Magufuli tarehe 9 Desemba 2017. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa kwa namna kadhaa, ikiwemo kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Msamaha na hukumu hiyo ni vitu viwili. Msamaha hukutoa gerezani na kuiacha hatia mahali pake. Anayesamehewa hawezi kufungua madai ya mashtaka ya hila, kwa kuwa kesi yake haikuisha kwa faida yake. Wapo wafungwa wanaotamani jina lao lisomwe kwenye msamaha wa tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, na wapo waliokataa kuacha rufaa zao kwa sababu hiyo. Nawaheshimu wote wawili.

Kilichobaki ndani ya nchi ni maombi ya kikatiba Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30(3), kwa mtu aliyevunjiwa haki za msingi yeye mwenyewe, na malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inachunguza na kupendekeza. Mapendekezo hayamkamati mtu shati.

Nikirudi nyuma, naona tunalipiga teke jambo ambalo kwa mfungwa wetu ndilo karibu fidia pekee iliyopo: utaratibu. Mtu akiachiwa kwa sababu maelezo ya onyo yalichelewa, mtaani utasikia "katoka kwa ujanja wa wanasheria". Hapa Iringa hatuna sababu ya kusema hivyo. Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi shambani Isimani, na mkulima aliyempiga, Said Mwamwindi, aliupakia mwili kwenye gari akajipeleka polisi mwenyewe. Hakuna aliyebisha nani kaua. Bado Mahakama Kuu ilikaa, ikaita mashahidi, ikasikiliza utetezi wake hadi kuhusu hali ya akili yake, ndipo ikahukumu. Alinyongwa, lakini alisikilizwa. Kama anayekiri kwa mikono yake anasikilizwa, aliyemulikwa tochi naye ana haki ya kuulizwa: ilikuwa mkononi mwa nani?

Utaratibu nao una makali mawili. Mahakama ya Rufani ikiona kesi iliendeshwa vibaya, mara nyingi haiachii mtu. Inabatilisha mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Kesi nyingi za mauaji zilirudi mwanzo kwa sababu jaji hakuwaelekeza vizuri wazee washauri wa mahakama, raia wanaokaa na jaji kumpa maoni, kasoro ambayo mshtakiwa hakuwa na mkono wowote ndani yake, naye akarudi mahabusu kuanza alif. Tangu 2022 kukaa na wazee hao si lazima tena. Upo msingi wa tangu 1966, kwenye kesi ya Fatehali Manji, kwamba usikilizwaji upya usiamriwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matobo yao. Huo ndio uliomwokoa mzee wangu asirudishwe Mafinga kizimbani.

Kwa hiyo ninachowaambia ndugu wa aliyekamatwa, kabla hata ya kutafuta wadhamini na barua ya mtendaji, ni kuandika: tarehe, saa, nani kamkamata, kituo gani, lini kapandishwa kizimbani. Na biashara yake iandikwe. Fidia ya hasara mahsusi, kama ile milioni 46, inadaiwa kwa uthibitisho wa kila shilingi. Mfanyabiashara wa viazi Uyole mwenye daftari la magunia na risiti za ushuru anaweza kuionyesha mahakama alichopoteza. Mzee wangu alikuwa na penseli.

Kabla hatujaachana alitoa nakala ya hukumu kutoka kwenye mfuko wa rambo. Sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021, lakini hii ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na tatu, na alikuwa ameitembeza miezi miwili bila kuisoma. Ndugu zake Mafinga walitaka isomwe kwenye kikao cha ukoo. Aliomba nimwandikie sentensi ya mwisho tu, kwa Kiswahili, kwenye ile karatasi yake, chini ya hesabu.

Nikaandika: Rufaa imekubaliwa. Hatia imefutwa na adhabu imetenguliwa. Mrufani aachiwe mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Kwenye mstari wa mwisho kidole kikasimama.

"Sababu nyingine ipi?"

Nikamweleza kwamba hayo huandikwa kwenye hukumu zote, ni desturi tu. Akatikisa kichwa, akanirudishia kalamu.

"Hayo kayakate. Nyumbani hawataelewa kwamba ni desturi."